Jinsi ya kuujaribu wino mpya wa bluu kwenye fauntenipeni, hatua kwa hatua

Wino wa bluu ndo unaodanganya watu kuliko rangi zote. Kwenye chupa unauona mweusi tu, lebo ina bluu yake, picha za mtandaoni zina bluu nyingine, alafu ukija kuandika unapata bluu ya nne kabisa. Hapo wengi wanalaumu wino, ila wino haufanyi kazi peke yake, unafanya kazi na kalamu na karatasi, ukigusa kimoja tu kati ya hivyo vitatu rangi inahama, kukauka kunabadilika, kila kitu. Kwahiyo kanuni yangu ni hii: kalamu ileile, karatasi zilezile, kinachobadilika ni wino tu. Ukiifuata hiyo, hata karatasi uliyojaribia mwaka juzi unaweza kuiweka pembeni ya ya leo na zikalinganishika.

Andaa chupa ya wino, fauntenipeni (kalamu inayojazwa wino, yenye nibu, yaani ncha ya chuma ya kuandikia) moja ambayo tabia yake unaijua vizuri, karatasi za aina mbili, pamba za masikioni, tishu, maji safi kwenye kikombe, na penseli. Penseli ni ya kuandikia maelezo, usiyaandike kwa wino kwasababu baadaye tunamwaga maji na maelezo yote yataondoka.

Hatua ya 1: jua wino wako ni wa aina gani

Hii watu wanairuka na ndo inayoua kalamu. Wino mwingi wa bluu ni rangi iliyoyeyuka kwenye maji, huo hauna shida, ukikauka ndani ya kalamu unaloweka unatoka. Mfano ni Pelikan 4001 Royal Blue, Lamy ya bluu, Waterman Serenity Blue. Aina ya pili ni wenye chembechembe ndogo sana za rangi ambazo haziyeyuki, zinaelea tu kwenye maji, kama Sailor Sei-boku au wino wa pigimenti wa Platinum. Huo unakaa vizuri kwenye karatasi na maji hayaufanyi kitu, ila ukikaukia ndani ya kalamu kazi unayo. Aina ya tatu ni bluu-nyeusi ya chuma, ule wa asili ya zamani, unaandika bluu alafu unavyokutana na hewa unazidi kuwa mweusi, Uingereza mpaka leo wanajua wino wa msajili, wa kuandikia vitabu vya vizazi na ndoa, ambao uko kwenye familia hiyo. Una tindikali kidogo kwahiyo kalamu iliyoubeba ioshwe mara kwa mara.

Na kuna wino wa kuchorea wenye gundi au vanishi, unauzwa kwenye chupa zinazofanana kabisa na hizi. Huo usiingie kwenye fauntenipeni kabisa, ni wa kuchovya na brashi, ukikauka ndani umeganda na hautoki kwa maji.

Kuna bluu nyingine zina sifa zake za pekee, mfano Noodler's Baystate Blue inang'aa ajabu, bluu ya umeme, lakini inatia doa plastiki na haitaki kuchanganyika na wino mwingine hata mabaki yake. Ya namna hiyo itengee kalamu yake.

Hatua ya 2: kalamu iwe safi kweli

Sio kusuuza mara moja. Ingiza na utoe maji ya kawaida kwa konveta (kibomba kidogo ndani ya kalamu cha kuvuta wino) mpaka yatoke meupe, alafu isimamishe nibu ikiangalia chini juu ya tishu iliyokunjwa. Ukiona tishu inavuta rangi, bado. Maji yasiwe ya moto maana plastiki ya chini ya nibu inaweza kupinda. Spiriti pia hapana. Ikiwa ngumu kutoka weka tone moja la sabuni ya vyombo kwenye maji alafu suuza mpaka sabuni iishe yote, sabuni ikibaki wino utatiririka kupita kiasi na utaulaumu bure.

Na ikauke. Maji yakibaki kwenye mifereji yatauzimua wino, maneno ya kwanza yatakuwa bluu hafifu ambayo sio yake.

Hatua ya 3: pamba kabla ya kalamu

Usijaze kalamu bado. Funga kifuniko vizuri, pindua chupa taratibu mara kadhaa (usitikise kwa nguvu, unatengeneza povu), hasa kama ni pigimenti au una vumbi la kung'aa, maana vitu hivyo vinatuama chini. Chovya pamba ya masikioni, pitisha mara moja kwenye karatasi. Acha ikauke. Pitisha tena juu yake lakini uache kipande cha kwanza wazi, kisha mara ya tatu hivyohivyo. Unapata ngazi tatu za bluu moja, hafifu, ya kati, nzito.

Hapo ndo unaanza kuujua. Angalia ile ngazi hafifu, ndo inaonyesha bluu inaegemea wapi, kama inaelekea zambarau, kijani au kijivu. Pilot Iroshizuku Kon-peki kwa mfano inaelekea anga, ina ubaridi wa kijani kidogo, wakati ndugu yake Asa-gao inavuta zambarau, na zote ukizitaja kwa mtu utasema tu bluu. Ngazi nzito geuzageuza kwenye mwanga, ukiona wekundu fulani umelala juu ya bluu huo ni mng'ao, rangi imerundikana juu ya karatasi badala ya kuzama. Diamine Majestic Blue ni mfano mzuri wa huo wekundu.

Ukitaka kujua zaidi, dondosha tone moja katikati ya tishu nyeupe alafu weka tone la maji juu yake usubiri. Maji yanatembea na rangi, nyepesi zinakwenda mbali, nzito zinabaki nyuma, unaweza kukuta bluu yako imetengenezwa na waridi na turkwazi ndani. Mimi hiki kipande siachi kamwe, kwasababu kinaniambia mapema wino ukilowa utabakiza rangi gani.

Hatua ya 4: karatasi mbili, na gramu zisikudanganye

Karatasi moja iwe nzuri kwa wino, nyingine iwe ya kawaida ya fotokopi, kwasababu maisha ya kweli yana fomu na karatasi za ofisini. Watu wanadhani karatasi nzito ndo nzuri. Sio lazima. Karatasi ya Tomoe River ya gramu 52 (uzito wa mita moja ya mraba) ni nyembamba unaona kivuli cha maandishi upande wa pili, lakini inaushikilia wino juu vizuri kuliko karatasi nyingi za fotokopi za gramu 80, na karatasi ya Rhodia nayo ni gramu 80 hizohizo ila tabia ni tofauti kabisa. Kinachoamua ni jinsi karatasi ilivyotiwa dawa ya kuzuia kunyonya, sio uzito.

Chora mstari mwembamba kwenye zote mbili, alafu uangalie ukingo wake kwa karibu. Ukingo ukiwa umenyooka safi. Ukiota vijinywele wino unakimbia kwenye nyuzi za karatasi. Geuza nyuma: kuona kivuli sio tatizo la wino, ni wembamba wa karatasi, lakini ukiona vitone vya wino wenyewe umetokeza upande wa pili, hapo umepenya.

Hatua ya 5: jaza, andika, na uandike kama unavyoandika siku zote

Zamisha nibu yote mpaka na mdomo wa chini yake, vuta kwa konveta, rudisha matone mawili matatu kwenye chupa, futa nibu kwa tishu. Kama hutaki kuchovya kalamu kwenye chupa tumia bomba la sindano lisilo na makali ukajaza katriji tupu (kile kichupa kidogo cha wino kinachoingia ndani ya kalamu), ni sawa tu.

Sasa andika aya nzima, sio jina lako na duara mbili. Aya, kwa kasi yako ya kawaida, maana wino unaweza kuwa mzuri kwenye mistari ya polepole alafu ukaachia njiani ukishaanza kukimbiza mkono. Sikiliza nibu, wino mkavu, yaani unaotoka kwa ubahili, unafanya nibu ikwaruze na wenye unyevu unaiteleza, na hapa ndo maana nilisema tumia kalamu unayoijua, vinginevyo hutajua mkwaruzo ni wa nani. Pelikan 4001 wanajulikana kwa ukavu, hiyo ni faida kubwa kama kalamu yako inamwaga sana, na ni kero kama kalamu yako tayari ni bahili. Wino hauna ubaya hapo, ni kupatanisha tu.

Angalia pia ndani ya herufi moja. Mwanzo wa mstari na mwisho wake vina uzito tofauti? Mwisho unapokolea na katikati kunapofifia ndo uzuri wa bluu nyingi za wastani, na nibu ya M (ya kati) au B (pana) itakuonyesha vizuri kuliko F (nyembamba), ya F inabana kila kitu kikawa rangi moja.

Hatua ya 6: kukauka

Chora mistari midogo sita, subiri, pitisha kidole kwenye mmoja kila baada ya sekunde 5. Wa kwanza utapakaa, huo ni wa kawaida, unatafuta ule ambao haupakai. Andika namba kwa penseli pembeni. Fanya kwenye karatasi zote mbili, utaona fotokopi inakauka haraka kwasababu inanyonya na ile nzuri inachelewa. Parker walipoleta Quink mwaka 1931 sifa waliyoinadi ni hiyohiyo ya kukauka haraka, kwahiyo sio shida ya leo. Kama unaandika kwa mkono wa kushoto na kiganja kinapita juu ya maneno, hatua hii kwako ndo inaamua, rangi baadaye.

Wino wenye mng'ao mwingi ujaribu tena kesho yake, kwa kidole chenye jasho kidogo. Kuna ambao unaonekana umekauka kumbe bado unaachia.

Hatua ya 7: maji na mwanga

Acha maandishi yalale usiku mmoja. Asubuhi dondosha maji juu ya maneno mawili: moja nyonya kwa tishu mara moja, lingine acha maji yakae dakika moja ndo unyonye. Bluu nyingi za kawaida zitaondoka karibu zote, na hilo limekusudiwa, hizo za shule kama Royal Blue zinatoka kwenye nguo na zinafutika kwa kalamu ya kufutia. Ile dawa yake haing'oi wino, inavunja muundo wa rangi mpaka inakosa rangi, wino bado upo hapo ila huuoni. Maana yake ni kwamba hundi, mkataba, fomu yoyote ya maana, usiiandike na wino huo. Tumia pigimenti au ya chuma.

Mwanga unataka subira zaidi. Kata kipande cha maandishi, funika nusu kwa karatasi nzito isiyopitisha mwanga, bandika dirishani jua linapopiga, kisahau wiki kadhaa. Ukifunua tofauti ya nusu mbili haihitaji maelezo. Bluu za kufutika ndo zinapauka mapema.

Kuhusu kuiangalia rangi yenyewe: mchana karibu na dirisha. Taa ya manjano ina mwanga mdogo wa bluu kwahiyo bluu yako usiku inapoa, inakuwa nzito ya kijivujivu. Kamera ya simu nayo inarekebisha rangi yenyewe bila kukuuliza. Weka wino mpya pembeni ya bluu nyingine mbili unazozijua, macho yetu hayakumbuki bluu, yanalinganisha tu.

Hatua ya 8: iache kalamu ilale

Funga kofia, iweke siku chache bila kuigusa, alafu andika. Inaanza herufi ya kwanza au mpaka uikwaruze? Rangi imekolea kuliko siku ya kwanza? Ikikolea ni maji yamepungua ndani, kofia haizibi sawasawa, usiupe wino hilo kosa.

Rudia pia ukiiacha wazi dakika mbili tatu mezani, kama vile unapofikiria sentensi. Kwa mtu anayeandika kwa kusitasita hiyo ni muhimu kuliko ya siku chache.

Hatua ya 9: iosheni na muone inachukua muda gani

Kuosha nako ni sehemu ya jaribio. Hesabu umejaza na kutoa maji mara ngapi mpaka yawe meupe, andika. Angalia konveta kama imebaki na ukungu wa bluu. Wino mzuri wa rangi ambao unahitaji nusu saa ya kuosha bado unaweza kuupenda, mimi ninao wa hivyo, ila unaupa kalamu inayofunguka yote na sio ile ambayo nibu haitoki.

Mwisho jaza maelezo kwa penseli kwenye ileile karatasi: jina la wino, kalamu, ukubwa wa nibu, aina ya karatasi, tarehe, sekunde za kukauka, maji yalifanyaje. Ihifadhi kwenye bahasha au droo yenye giza isipauke, na kwenye chupa andika tarehe uliyoifungua.