Namna ya Kuacha Dawa za Sonona kwa Hatua

Mkulima wa tumbaku wa Urambo au mrina asali wa Sikonge anayekaa porini wiki kadhaa anaweza kuishiwa amitriptilini, dawa yake ya sonona, bila kukusudia, na baada ya siku chache akaanza kutoka jasho, kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu na kuota ndoto za kutisha. Hapa Tabora jambo la kwanza kudhaniwa ni malaria. Pima, kwa kuwa huenda ndiyo kweli, lakini mweleze mhudumu kwamba dawa ya sonona imekatika na ni tangu lini.

Dalili hizo hutokea kwa sababu ubongo uliokwisha kuizoea dawa huhitaji muda wa kujirekebisha. Wala si lazima iwe sonona imerudi: sonona kwa kawaida hurudi polepole, kwa wiki au miezi, ilhali dalili za kuacha dawa huanza mapema, pengine pamoja na mambo ambayo mgonjwa hakuwa nayo kabla ya tiba, kama kizunguzungu au mshtuko kichwani mithili ya shoti ya umeme, nazo hupungua upesi dozi ikirudishwa. Fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, hukaa mwilini muda mrefu, hivyo dalili za kuiacha huweza kuchelewa hata wiki kadhaa.

Anayetaka kuacha aanze kwa daktari, iwe hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu, na asichague wakati wa msiba au wa mauzo ya tumbaku. Anayemeza vidonge vitatu vya amitriptilini vya miligramu 25 kila usiku anaweza kuelekezwa ashuke hadi viwili, atulie wiki kadhaa, kisha kimoja. Kidonge hicho cha mwisho ndicho ninachokihofia zaidi, kwa sababu dozi ndogo bado ina nguvu kubwa kwenye ubongo, na wengi hukiacha kwa mkupuo wakidhani kazi imekwisha. Mwombe daktari akigawe katika hatua ndogo zaidi. Kuruka siku si kupunguza dozi. Andika tarehe, dozi na usingizi wako daftarini, na ukizidiwa, rudi kwenye dozi iliyotangulia kwa ushauri wa daktari.

Mawazo ya kujiua yakija, nenda hospitali siku hiyohiyo ukiwa na ndugu, naye ndiye avitunze vidonge vilivyobaki, kwa kuwa amitriptilini ikimezwa kwa wingi huua.