Viroboto wa mbwa na paka: anza na mahali wanapolala

Ukimwogesha mbwa dawa leo, na wiki ijayo bado anajikuna vilevile, usikimbilie kuilaumu dawa. Kaangalie kwanza anapolala. Viroboto wazima unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu ya waliomo nyumbani. Wengi bado ni mayai, mabuu na pupa (buu aliyejifungia kifukoni akigeuka kiroboto), nao wamejificha kwenye gunia analolalia, nyufa za sakafu na chini ya kochi.

Jike mmoja huweza kutaga mayai 40 kwa siku. Hayashiki kwenye manyoya. Mnyama akijikung'uta, yanamwagika. Kwenye joto na unyevu kama wa Tanga au Mombasa, yai huwa kiroboto mzima baada ya wiki 3 hivi. Msumbufu kuliko wote ni pupa: hukaa kifukoni mwake hata miezi kadhaa, dawa haimpati, akingoja mtikisiko wa hatua na joto la mwili. Ndiyo maana nyumba iliyofungwa muda mrefu ikifunguliwa, miguu ya wageni inaliwa siku hiyohiyo.

Je, ni viroboto kweli? Pitisha chanuo la chawa kiunoni, karibu na mkia. Chembe nyeusi utakazopata ziweke kwenye pamba iliyoloa. Zikitoa rangi nyekundu ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto: damu ya mnyama wako iliyokauka.

Tibu wanyama wote siku moja, hata yule asiyejikuna. Matandiko yafue kwa maji ya moto kila wiki na kuyaanika juani. Gunia chakavu lichome. Fagia hadi pembeni. Endelea hivyo kwa miezi 3, maana pupa wanaendelea kuanguliwa.

Hapa naomba mnisikilize sana: dawa ya mbwa yenye permethrini, kemikali ya kuua wadudu, huweza kumuua paka. Huanza kutetemeka, kisha degedege. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo usikadirie kwa macho ukampaka mbwa au paka. Muulize daktari wa mifugo. Watoto wachanga wa mbwa na paka wachanue tu na kuwaosha kwa sabuni laini, na fizi zikipauka wapeleke kwake haraka, damu imepungua.

Ukiona vipande kama punje za mchele kwenye mkundu wa mnyama, ni vya tegu, mnyoo wa tumboni aliyempata kwa kumeza kiroboto. Mpe dawa ya minyoo wakati huohuo unapoua viroboto, la sivyo tegu atarudi.