Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Samaki wa Kwanza wa Tangi

Watu wengi hununua tangi la kioo na samaki wa mapambo siku moja, na kabla ya wiki 2 kwisha huwa wameshaanza kuopoa mizoga bila kujua kosa lilikuwa wapi. Maji ni maangavu, chakula kimetolewa kila siku, na samaki hawana hata jeraha. Mara nyingi kosa ni kwamba tangi lilikuwa bado jipya, halina bakteria wa kushughulikia uchafu wa hao samaki. Ndiyo maana samaki anapaswa kuwa kitu cha mwisho kununuliwa, wiki 4 hadi 6 baada ya tangi kuanza kufanya kazi.

Kabla ya kutia maji, amua mahali, kwa kuwa tangi lililojaa halihamishiki. Tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 35 hubeba lita 63, yaani kilo 63 za maji peke yake, kabla hujahesabu kioo na changarawe. Meza ya kawaida huweza kupinda chini ya uzito huo, na kioo kisichokaa sawasawa hupasuka. Epuka pia dirisha linalopigwa na jua, kwani jua hupandisha joto na kustawisha mwani. Taa ya saa 8 kwa siku inatosha. Anayeanza hujiona salama kwa kuchagua tangi dogo kabisa, kumbe katika maji machache uchafu hukolea upesi na joto hubadilika ghafla, kwa hiyo lita 60 ni rahisi kutunza kuliko lita 10.

Changarawe ioshwe kwa maji matupu, bila sabuni. Maji ya bomba nayo mara nyingi huwa na klorini, ambayo hutoka yakikaa wazi siku moja au zaidi huku yakipulizwa hewa. Lakini mahali ambapo maji hutibiwa kwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kusubiri hakusaidii, hivyo ni heri kutumia dawa ya kuondoa klorini inayosema wazi kuwa inamudu zote mbili. Washa kichujio, na kwa samaki wa maji ya joto weka pia hita na kipimajoto, ukilenga nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi.

Sasa huja kazi ambayo haionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanayooza huiongeza. Amonia hiyo huunguza matamvua yale yale. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu kubeba oksijeni, na hapo ndipo utamwona samaki akining'inia juu ya maji, mdomo ukifunguka na kufumba haraka haraka. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hawa huishi hasa kwenye sponji ya kichujio, nao huhitaji kulishwa kabla samaki hajafika: dondosha chembe chache za chakula cha samaki kila siku, ziozee humo. Ukiweza kupata kipande cha sponji kutoka tangi la zamani lenye samaki wazima, muda wa kusubiri hufupika sana.

Usikisie kwamba tangi limeiva; pima. Katika vipimo vingi vya matone, yaani dawa inayodondoshwa kwenye maji kidogo ili rangi ionyeshe kilichomo, maji yasiyo na amonia hubaki ya njano ndani ya kichupa, na rangi ya kijani inapoanza kuingia, hata kwa mbali, ujue amonia ipo. Subiri hadi amonia na nitriti zisome sifuri siku kadhaa mfululizo ingawa unaendelea kutia chakula, huku nitrati ikiwa imepanda. Katika kipindi hiki kichujio kisizimwe usiku, na sponji isioshwe kwa maji ya bomba, kwani klorini itawaua bakteria uliowangoja mwezi mzima. Ikiziba, ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini.

Kuhusu aina ya samaki, soma ukubwa wao wa utu uzima. Samaki wa dhahabu anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole huweza kupita sentimita 20, na huchafua maji kupita kiasi, hivyo hafai katika lita 60. Neon tetra wanataka kundi la 6 au zaidi, na madume 2 wa beta hawawekwi pamoja.

Siku ya kuwaleta, anza na wachache. Zima taa, acha mfuko wao uelee juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane, ongeza humo maji ya tangi kidogo kidogo, kisha uwahamishe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje.