Mafungo Lushoto: anza kwa kulala

Wanaoniuliza habari za mafungo, yaani siku za kujitenga kwa sala na ukimya, hutaka kwanza ratiba ya sala. Mimi ni muuguzi wa zamu za usiku, na jibu langu huwakera: siku ya kwanza lala. Eliya alipochoka hadi akaomba afe, kama tunavyosoma 1 Wafalme 19, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji. Akala, akalala, akaamshwa ale tena, ndipo akapata nguvu za kutembea siku 40 hadi mlima Horebu.

Mlima wangu ni Usambara, upande wa Soni na Lushoto. Kutoka Dar na Tanga kuna mabasi ya moja kwa moja, au unashuka Mombo na kupanda Hiace. Kuanzia hapo ni kona juu ya kona. Mwenye tumbo jepesi aombe kiti cha mbele na aachane na chipsi mayai za stendi. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na baridi ya Juni na Julai si ya mchezo kwa sisi watu wa pwani. Beba sweta zito na soksi za kulalia. Wakati wa masika njia za msituni ni utelezi mtupu.

Wabenediktini, watawa Wakatoliki, wana misheni Sakharani, karibu na Soni. Walutheri wako Irente, nje kidogo ya mji. Popote utakapochagua, piga simu mapema na useme wazi kwamba unakuja mafungo, si utalii. Uliza kama kuna padri, sista au mchungaji wa kuzungumza naye, na kama siku hizo kuna semina ya watu mia. Ikiwepo, sogeza tarehe.

Mtandao unashika huko, kwa bahati mbaya. Mwachie mtu mmoja nyumbani namba ya mapokezi, zima simu kubwa, baki na kitochi.

Siku ya pili nenda masifu ya asubuhi, sala ya pamoja ya zaburi. Hujui zaburi zinavyopokezanwa? Kaa nyuma, sikiliza. Kisha chagua kifungu kimoja kifupi cha Maandiko, ukisome asubuhi, ukirudi matembezini, na kabla ya kulala. Kimoja tu. Vile vitabu vitano ulivyofungasha viache kwenye begi. Machozi yakija, yaache yatoke, yasipokuja, usiyatafute.

Jioni tembea hadi ukingo wa Irente, uone Mazinde na mashamba ya mkonge kule chini, urudi kabla ya giza. Msitu wa Magamba nenda na mwenyeji, na mwambie kabla hamjaondoka kwamba mtatembea kimya, la sivyo atakutajia kila ndege, maana ndiyo kazi yake.

Dawa zako za presha au sukari meza kama kawaida. Kufunga kula uliza daktari kwanza, si mwanamaombi. Na kama ni wiki kadhaa sasa hulali, huli, na unatamani kufa, anzia hospitali, Usambara haihami.

Kurudi, usishuke Jumapili jioni ukaingie kazini Jumatatu. Shuka Ijumaa. Kama ni msimu wa fyulisi, nunua Soni, uziweke juu kabisa ya begi, zinapondeka haraka.