Namna ya Kutambua Vinundu vya Ngozi Vinavyoashiria Lukemia

Vinundu vya ngozi vinavyotokana na lukemia (saratani ya damu) kwa kawaida haviumi wala haviwashi, na ndiyo maana mgonjwa huchelewa kuja. Vipapase kwanza: huwa vigumu kama mpira, vimezama ndani ya ngozi, na rangi yake huwa kati ya nyekundu, zambarau na kahawia. Kisha mwangalie mgonjwa kinywani, kwa sababu fizi zilizovimba hadi kufunika sehemu ya meno, zikiambatana na vinundu hivyo, hukupa sababu nzuri ya kushuku lukemia kali ya mailoidi (inayoanzia kwenye chembe changa za uboho), hasa ile ya chembe za monosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu. Papasa bandama na tezi, na uulize kuhusu homa, uchovu na kutokwa damu puani.

Kwetu Afrika Mashariki, kinundu cheusi kwa mtu anayeishi na Virusi vya Ukimwi huitwa Kaposi, saratani nyingine inayojitokeza kwenye ngozi, kabla mwenyewe hajaketi. Mara nyingi jina hilo huwa sahihi, lakini lisipothibitishwa maabara ni kubahatisha tu, na matibabu ya magonjwa haya mawili hayafanani hata kidogo.

Ili kupata kipande cha kupeleka maabara, chagua kinundu kipya ambacho hakijachubuka. Pima kwanza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, kwani zikiwa chache itakubidi ukandamize jeraha kwa muda mrefu zaidi, kisha kata kwa kisu cha duara chenye kipenyo cha milimita 4 au zaidi, ukishuka hadi kwenye mafuta. Kukwangua juu juu hakufai, maana chembe hizi hukaa ndani na mara nyingi huacha ukanda mwembamba ulio safi chini ya tabaka la juu. Nyama ikitoka na rangi ya kijani, hiyo ni kazi ya kimeng'enya cha mailoperoksidesi (MPO), na ndiyo asili ya kloroma, jina la zamani la uvimbe wa chembe hizi. Rangi hiyo hufifia ikipata hewa, kwa hiyo iandike papo hapo. Tumbukiza kipande kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi nyama isioze) ya asilimia 10, yenye ujazo mara 10 ya kipande chenyewe.

Kwa maoni yangu, fomu ya maabara ndiyo inayoharibu kazi mara nyingi. Ukiandika "uvimbe, mkono" na kuishia hapo, mtaalamu wa patholojia ataona chembe kubwa za mviringo na huenda akaziita limfoma. Andika: "Nashuku lukemia, naomba MPO, CD68, CD117, CD34 na CD45, pamoja na CD3 na CD20." Hizi ni alama za protini ambazo maabara huzitafuta kwenye chembe ili kujua ni za aina gani. CD34 peke yake isikuridhishe, kwa kuwa Kaposi nayo huionyesha, kinachoitambulisha Kaposi ni kipimo cha HHV-8, kirusi kinachoisababisha, kwenye kipande hichohicho. Vinundu vikifanana na damu iliyovilia chini ya ngozi, ongeza CD4, CD56 na CD123.

Siku hiyohiyo toa damu kwa ajili ya picha kamili ya damu (hesabu ya chembe zote), na uombe tone lake litazamwe kwa darubini badala ya kutegemea mashine pekee. Hata damu ikionekana safi usimruhusu mgonjwa aondoke moja kwa moja, kwani vinundu vinaweza kutangulia ugonjwa wa damu kwa miezi kadhaa. Mpeleke akapimwe uboho, na uboho nao ukiwa safi ilhali kipande cha ngozi kimethibitisha chembe changa za mailoidi, mrufae kwa daktari wa saratani ya damu, kwa sababu hali hiyo hutibiwa kama lukemia kali ya mailoidi na kukikata kinundu pekee hakutoshi.