Mti mbichi au wa Kariakoo? Angalia kalenda kwanza

Nimekulia Lushoto. Kule mti wa Krismasi ulikuwa tawi la msaipresi: tarehe 24 mchana baba anachukua panga, jioni tawi liko sebuleni. Nilipohamia Tabata, hapa Dar, nikataka kuendeleza yale yale, ila kwa kiherehere cha mjini nikausimamisha tarehe 8. Kufika tarehe 18 sakafu imejaa majani na binti yangu ananiuliza, "Baba, mti unaumwa?" Mama yake akajibu toka jikoni kwamba hizo ni kuni tayari.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize utausimamisha lini. Desemba ya Dar joto linapita nyuzi 30, na pangaboi linazunguka usiku kucha. Mti uliokatwa unapoteza maji kama kawaida, lakini hauna tena mizizi. Ukitaka pambo la mwezi mzima, nunua wa plastiki. Kama ni siku tatu nne kuelekea sikukuu, chukua mbichi. Ile harufu haipatikani kwenye boksi.

Ukimuuliza muuzaji ulikatwa lini, atakwambia, "Jana tu, kaka." Amini mkono wako. Shika tawi, livute taratibu kuelekea kwako; majani mengi yakibaki kiganjani, uache. Ukifika nyumbani kata kitako sentimita mbili au tatu kwa msumeno, kisha uingize kwenye maji hapo hapo, maana utomvu ukikauka unaziba njia ya maji. Mimi nauegemeza kwenye ndoo yenye kokoto, halafu naongeza maji kila asubuhi yasishuke chini ya mkato. Maji hayo yafunike kwa kitambaa. Mbu wa dengi anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba, na waliokuwa Dar mwaka 2019 hawahitaji kukumbushwa.

Na tafadhali, usiende kukata mivinje ya ufukweni. Ile inashikilia mchanga usiliwe na bahari.

Wa plastiki unataka macho zaidi. Kariakoo utakuta boksi lenye picha ya mti mnene, ndani kuna kitu chembamba kama fagio. Omba ufunguliwe. Kunja tawi: waya mzuri unabaki ulivyoukunja, mbovu unarudi kulegea. Papasa majani uone kama yanapukutika, kisha hesabu vipande na skrubu za miguu. Miguu ya chuma ni bora kuliko ya plastiki, hasa nyumba ikiwa na watoto au paka.

Pima sebule yako kabla ya kwenda. Wangu wa kwanza ulikuwa wa futi saba, nikasahau kwamba juu yake kuna pangaboi. Umeme uliporudi usiku, nyota ya kileleni ilirushwa hadi kwenye kabati la vyombo. Sasa natumia wa futi tano na nimelala salama. Taa nazo: matawi ya plastiki yana waya wa chuma ndani, kwa hiyo taa zilizochubuka waya usizitundike kabisa. Ukienda kulala, chomoa, uwe mti mbichi au wa plastiki.

Kuutunza ndiko kunakoamua kama pesa yako imepotea. Unyevu wa Dar unakula miguu ya chuma kabla masika hayajaisha. Nafuta vumbi, naufunga kwenye kiroba, nauweka juu ya kabati, kamwe si sakafuni. Ukichakaa usiuchome uani pamoja na taka. Mingi ni ya plastiki aina ya PVC, na moshi wake unachoma macho na mapafu.

Mwenye baraza ana njia nyingine: mti wa kwenye chungu. Kwenye vitalu vya miche usiseme tu "mkrismasi", utapewa ule wa maua mekundu yanayochanua Desemba. Taja araukaria, wenye matawi ya ngazi-ngazi. Uzoeshe kivuli, uingize ndani wiki moja tu, kisha urudishe nje. Wangu sasa unanifika kiunoni na bado unainama kidogo ukivishwa taa, kwa hiyo mwaka huu nauvisha mstari mmoja.