Namna ya Kuchunguza Kampilobakta Kundini, Kuanzia Daftari la Upandishaji hadi Maabara

Ng'ombe wanaporudia joto mara kwa mara au kondoo wanapotupa mimba mfululizo, wafugaji wengi hukimbilia sindano. Kwa kampilobakta haraka hiyo haina faida, kwa kuwa bakteria hawa huingia kundini kwa njia mbili zisizofanana. Aina moja hukaa katika viungo vya uzazi vya ng'ombe na kuambukizwa kwa kupandana. Nyingine hukaa utumboni, hutoka na kinyesi na huliwa pamoja na malisho au maji. Asiyejua ni njia ipi anayoshughulika nayo atatibu majike huku fahali akiendelea kuwaambukiza, au atamwondoa fahali asiye na kosa wakati ugonjwa uko malishoni.

Hatua ya 1: Soma daftari kabla ya kumgusa mnyama

Ng'ombe asiyeshika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Maambukizi ya njia ya uzazi huua kiinitete kikiwa kichanga, baada ya mwili wa jike kukwisha kuutambua ujauzito, na kwa hiyo joto hurudi kwa kuchelewa na bila mpangilio: huyu siku 28, yule 35, mwingine zaidi. Angalia pia ni nani wanaoathirika. Iwapo mitamba na majike wageni ndio wasioshika, ilhali majike wakongwe wanazaa kama kawaida, mtuhumu fahali, kwa kuwa wakongwe huenda wamekwisha kupata kinga. Mimba zinazoonekana zikitoka huwa chache, nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 7, na uchache huo ndio unaowafanya watu walidharau tatizo.

Kwa kondoo sura ni nyingine kabisa. Mimba hutoka kwa wingi katika wiki za mwisho za ujauzito, pamoja na wana-kondoo wanaozaliwa dhaifu na kufa baada ya muda mfupi.

Hatua ya 2: Jikinge

Vaa glavu, aproni na buti, kwa kuwa kabla ya majibu ya maabara huwezi kujua kama ulichoshika ni kampilobakta, brusela au klamidia, na zote hizi zinaweza kumdhuru binadamu. Wajawazito wasikaribie kabisa. Maziwa yachemshwe.

Hatua ya 3: Chukua sampuli za mimba iliyotoka

Sampuli bora ni kijusi kizima pamoja na kondo la nyuma, vikiwa vimepoozwa bila kugandishwa. Isipowezekana, vuta majimaji ya tumbo la kijusi kwa bomba la sindano lililotakaswa, kisha ongeza vipande vya ini, pafu na kondo. Mimi huyathamini zaidi majimaji ya tumbo, kwani kondo lililoburutwa chini hujaa vijidudu vya kila namna. Ini lenyewe likague kwa macho: kwa kondoo, wakati mwingine huonekana madoa ya mviringo yaliyopauka, yenye kubonyea katikati. Ukiyaona, shuku kampilobakta. Usipoyaona, usiiondoe katika orodha, kwa kuwa vijusi vingi havina alama hiyo.

Hatua ya 4: Mpime fahali

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fahali mwenye maambukizi ni mzima, ana hamu na mbegu zake ni nzuri. Bakteria wamejificha katika mikunjo ya ngozi ndani ya govi, ambayo huongezeka kina kadiri anavyozeeka, na ndiyo sababu fahali mzee ndiye wa kuanza naye. Mpumzishe asipande kwa wiki moja au mbili kabla ya kupimwa.

Mfunge vizuri kwenye kibanio, punguza manyoya ya mdomo wa govi, safisha na ukaushe. Ingiza mrija safi, mimina takriban mililita 30 za maji ya chumvi yaliyotakaswa, kisha bana mdomo wa govi kwa mkono mmoja huku mwingine ukisugua kwa nguvu kuelekea mbele na nyuma kwa muda wa dakika moja au zaidi. Rudisha maji hayo kwenye chupa. Yakichanganyika na mkojo au kinyesi, rudia upya.

Bakteria hawa hustawi penye oksijeni ya asilimia 5 hivi, wakati hewa ya kawaida ina asilimia 21, kwa hiyo hufa njiani upesi. Jaza chupa, ikinge na jua, na kama safari itazidi saa chache omba mapema maabara ikupe chombo chenye kimiminika maalumu cha kusafirishia. Agiza pia kipimo cha trikomonasi, kimelea kingine kinachoenezwa kwa kupandana, ambacho dalili zake kundini hazitofautiani na hizi. Jibu moja la kutokuwepo maambukizi halimsafishi fahali; rudia kila baada ya wiki hadi yapatikane majibu matatu ya namna hiyo mfululizo.

Hatua ya 5: Soma majibu kwa tahadhari

Kampilobakta katika kinyesi cha ndama anayehara haithibitishi kwamba ndiyo iliyomfanya augue, kwa sababu wanyama wazima nao huitoa. Pima kwanza vijidudu vingine vya kuharisha: salmonela, rotavirusi na kriptosporidi. Ikipatikana katika govi au kijusi, uliza ni aina ipi, maana aina hizo mbili zinafanana sana na jibu lisilozitenganisha halitakuonyesha njia.

Hatua ya 6: Ziba njia

Kwa aina ya uzazi, komesha upandishaji wa asili na utumie uhimilishaji (kupandikiza mbegu kwa mrija) kwa mbegu za mafahali waliopimwa. Majike wengi hujisafisha wenyewe baada ya miezi kadhaa, ingawa wachache hubaki na bakteria ukeni hata wakiwa na mimba. Fahali aliyethibitika ni heri aondolewe, na nafasi yake ichukuliwe na kijana ambaye hajawahi kupanda. Penye chanjo, itolewe kabla ya msimu wa kupandisha.

Kwa kondoo, watenge waliotupa mimba, choma au fukia mabaki kwa kina ndege na mbwa wasiyafikie, na uache kuwalisha chini. Usiwauze waliotupa, kwa kuwa kwa kawaida wamepata kinga na watazaa vizuri msimu ujao. Wachanganye na kondoo wageni wakati hakuna mwenye mimba, kamwe si baada ya kupandwa.